Mtoto Agongapo Sufuria, Anakuita

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, yamkini asubuhi ya leo, kabla hujalifungua gazeti hili, umekwisha kuusikia mshindo wa sufuria kutoka jikoni. Mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu, au miwili, ametambaa hadi penye vyombo, ameuvuta mwiko, na sasa anaiadhibu sufuria ya wali kana kwamba imemkosea. Nawe, kama tulivyo wazazi wengi, umepaza sauti kutoka chumbani: "Acha kelele!"

Mimi nilisema hivyo kwa miezi mingi. Katika makala haya nataka kukueleza jinsi nilivyoacha, vyombo gani vya nyumbani vyafaa kwa muziki wa watoto wadogo, vipi havifai kabisa, na kwa nini kila nikumbukapo miezi ile roho yangu huniuma.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Pangani kukaa nasi hapa Dar es Salaam kwa mwezi mmoja. Siku ya tatu alikuwa ameketi mkekani akichagua mchele kwenye ungo, nami nilikuwa ninampokonya mwanangu mwiko kwa mara ya nne. Mzee yule aliuweka ungo chini, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo hapigi kelele. Anakuita, nawe huitiki."

Sikuwa na la kumjibu. Alilivuta debe langu tupu la unga, akalipindua, akalipiga kwa kiganja mara mbili. Mtoto alisimamisha mkono hewani, akamtazama bibi yake. Kisha akaigonga sufuria mara tatu. Bibi akajibu mara mbili. Mtoto akacheka kicheko ambacho sijapata kumsikia akikicheka, akagonga tena, akangoja. Ndiyo, alingoja! Mtoto ambaye hangoji uji upoe alikuwa amenyanyua mwiko juu, macho yamemtoka, anangoja zamu yake.

NGOMA HUTAKA MWENZAKE

Tangu siku ile nimejifunza kwamba mtoto mdogo hahitaji sana chombo kizuri, wala hahitaji mwalimu. Anachohitaji ni mtu wa kupiga naye. Jambo hili limepata kuchunguzwa. Mwaka 2009 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Watoto hao walipewa nafasi ya kupiga ngoma kwa namna tatu: pamoja na mtu, pamoja na mashine iliyojipiga yenyewe, na kwa kufuata sauti tupu itokayo katika kipaza sauti. Wote, hata wale wadogo wa miaka miwili na nusu, walipatana na mdundo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu.

Nakuomba uufikirie uchunguzi huo utakaposimama dukani mbele ya kinanda cha plastiki chenye betri na taa za rangi. Kinanda kile hujipiga chenyewe, hakimtazami mtoto, hakimngoji wala hakimcheki anapokosea. Baada ya wiki mbili betri huisha, nacho huishia uvunguni mwa kitanda. Sisemi kwamba ni dhambi kukinunua. Nasema tu kwamba fedha zile zaweza kununua mchele, nawe ukakaa chini mkekani na debe.

Isitoshe, bibi zetu walilijua hili kabla ya mtaalamu yeyote. Tazama wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja hupanda mwingine ushukapo, na kati ya pigo na pigo huweza kutiwa kofi, mluzi au wimbo. Anayeisahau zamu yake huigonganisha michi, na pengine hujiumiza. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama atwangaye huyasikia yote hayo kwa masikio na kwa mwili pia, kwani kila pigo hupita mgongoni mwa mama hadi kifuani mwake. Siku hizi mijini tunanunua unga uliokwisha kusagwa na nazi iliyokwisha kukunwa. Hilo si baya, na mimi mwenyewe sina haja ya kurudia kutwanga. Walakini muziki ule mtoto wa mjini haupati bure tena. Hapana budi tumtafutie mwingine.

Wala usidhani kwamba muziki wa vyombo vya nyumbani ni muziki wa kubahatisha. Upatu, ambao ulipigwa katika ngoma nyingi za pwani yetu, ni sahani tu ya shaba. Nchini Kenya, katika miaka ya 1950 na 1960, wapiga gitaa kama marehemu George Mukabi walisindikizwa na chupa tupu ya soda yenye mistari ubavuni, iliyogongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Huko Trinidad, vijana wa mitaa ya watu maskini walianza kwa kupiga makopo ya biskuti katika miaka ya 1930, wakaendelea hadi kwenye mapipa ya mafuta, wakagundua kwamba uso wa pipa ukipondwa kwa nyundo kwa ustadi huweza kutoa noti zote za wimbo. Chombo hicho sasa ni chombo cha taifa lao. Hapa kwetu, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga ilimba na kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 2003, aliishangaza dunia kwa kisanduku cha mbao chenye vipande vyembamba vya chuma. Basi jirani akikuuliza kwa nini mtoto wako anapiga debe, unalo la kumjibu.

JIKONI MWAKO MNA NINI?

Anza na mfuniko wa sufuria. Ukiulaza sakafuni na kuugonga, utatoa sauti fupi iliyokufa. Ufunge uzi kwenye kishikio, uuning'inize, kisha uuguse kwa mwiko, nao utalia kwa muda mrefu. Sasa mwambie mtoto aushike kwa kiganja wakati unalia. Atausikia ukitetemeka mkononi, na mara hiyo hiyo sauti itakatika. Atakutazama. Ataachia, atataka uugonge tena, na tena, na tena, mara ishirini. Vumilia, maana amekwisha kugundua kwa mkono wake mwenyewe kwamba sauti ni mtetemo, jambo ambalo mimi niliambiwa darasani na kulikariri bila ya kuligusa.

Debe ni ngoma nzito, ingawa madebe yanaadimika na ndoo za plastiki zimeshika nafasi yake. Ndoo iliyopinduliwa yafaa vilevile, na kwa mtoto mdogo ni bora zaidi kwa sababu haina kingo kali. Ilaze juu ya mkeka, wala si juu ya saruji, kwa faida ya majirani. Mwonyeshe mtoto kwamba katikati ya kitako hutoa sauti moja, na pembeni sauti nyingine. Mpe mwiko, kisha umfungie kitambaa kwenye ncha ya mwiko ule ule, asikie jinsi ngoma inavyonong'ona.

Vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa vizuri, vikigonganishwa midomo kwa midomo, hutoa mlio wa kwato za punda katika njia ya mawe. Ufagio wa chelewa ukipitishwa polepole juu ya ungo, mtoto hudhani mvua inakuja. Sauti hii ya pili naipenda kuliko zote, hasa jioni, maana humtuliza mtoto badala ya kumpandisha ari. Binti yangu mkubwa huifanya mwenyewe sasa, akiwa na miaka sita, wakati wa kumlaza mdogo wake.

Manyanga ni rahisi kutengeneza. Twaa chupa ndogo za plastiki zilizokauka kabisa ndani. Moja tia mchele, nyingine choroko, nyingine mahindi. Usijaze. Robo ya chupa yatosha, kwani punje zikikosa nafasi ya kuruka hazilii. Mchele huchakacha, choroko hulia kwa ukali kidogo, mahindi hubisha hodi. Wakubwa kidogo waweza kucheza mchezo wa kuficha chupa nyuma ya kanga na kubahatisha ni ipi iliyotikiswa.

Kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea kuna jambo moja ambalo hata baba yao litamwondoa kwenye redio. Chukua chupa tatu za kioo zilizo sawa. Ya kwanza tia maji kiasi cha vidole viwili, ya pili nusu, ya tatu karibu ijae. Zigonge taratibu ubavuni kwa kijiko cha mti. Ile yenye maji mengi itatoa sauti nzito, na ile yenye maji machache sauti nyembamba. Sasa zipulize kwenye midomo yake, na mambo yatapinduka: ile yenye maji mengi ndiyo itakayotoa sauti nyembamba. Waache wabishane kwanza. Sababu ni kwamba ukiigonga chupa, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yaliyomo, na mzigo mkubwa hutetemeka polepole. Ukiipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji, na hewa ikiwa fupi hutetemeka kwa haraka. Chupa za kioo zikae mezani mbele ya mtu mzima, na baada ya mchezo zirudi kabatini.

Utauliza, tukishapata vyombo twafanya nini? Mfuate mtoto kwanza. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hawezi kushika mdundo mmoja kwa muda mrefu, na kumlazimisha ni kumwonea bure. Akipiga haraka, piga haraka, akisita, sita. Atakapotambua kwamba wewe ndiwe unayemfuata yeye, ataanza kukuchezea, kama mwanangu alivyomchezea bibi yake. Baadaye leta mchezo wa kimya: mkono ukienda juu wote wanyamaze, ukishuka wote wapige. Leta mchezo wa gari la moshi linaloondoka stesheni polepole, likakaza mwendo, kisha likapanda mlima likihema. Leta mchezo wa "mwana kalala", ambamo mwanasesere amelazwa kitini nanyi mnapiga bila ya kumwamsha. Kupiga kwa upole ni kugumu kuliko kupiga kwa nguvu, hata kwa watu wazima. Wapiga ngoma wa harusi mtaani kwetu hawajaliweza bado.

Dakika kumi zatosha. Mtoto akiondoka na kwenda zake, mwache aende.

YA KUEPUKA

Hapa sitapamba maneno. Kayamba za asili za pwani aghalabu hutiwa mbegu za turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, kwa sababu ni ngumu na mlio wake ni mzuri. Mbegu hizo zina sumu kali. Ikitafunwa hata moja yaweza kumdhuru vibaya mtoto. Kadhalika mbegu za mbono. Katika kayamba ya fundi, mikononi mwa mtu mzima, hazina neno. Katika chupa ya mtoto zisiwemo kabisa, hata ukiambiwa kwamba zimefungwa vizuri.

Punje za kawaida nazo zina hatari yake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, puani na masikioni, na punje moja ya mahindi au ya choroko yaweza kuziba njia ya pumzi. Kifuniko cha chupa kipakwe gundi kikazwe, kisha kizungushiwe kitambaa na kushonwa. Kagua kila mara kabla ya kumpa, na chupa iliyopasuka itupwe. Kopo lililokatwa lina kingo kama kisu. Mbuzi ya nazi ina meno na si ya kuchezea. Na sufuria ya muziki isiwe ile iliyo karibu na moto, maana mtoto hatofautishi iliyo tupu na iliyo na maji yachemkayo. Mimi nimetenga chombo changu kimoja kikuukuu kwa kazi hiyo, nacho hakipikii tena.

Kuna na masikio yenyewe. Mfuniko wa chuma usigongwe kando ya kichwa cha mtoto, hata kwa mzaha. Ikiwa yakupasa kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, basi mmekwisha kupita kiasi.

SIKU YA KIJIKO NA KIKOMBE

Sasa nirudi kwa mwanangu na bibi yake, kwa kuwa bado sijakueleza kilichoniuma.

Walicheza hivyo kila asubuhi kwa muda wa wiki moja. Siku moja mama mkwe aliacha debe, akatwaa kikombe cha bati na kijiko cha chai. Alipokigonga mbele ya mtoto, mtoto alijibu. Alipoinuka na kukigonga nyuma yake, taratibu, mtoto hakugeuka. Akagonga tena upande wa kushoto, na tena upande wa kulia. Mtoto aliendelea kulichezea vumbi la mkekani. Bibi akaweka kikombe chini, akanitazama kwa muda, akasema, "Mama, mtoto huyu hutazama mkono. Hasikii kijiko."

Nilibisha. Nilimwambia kwamba anasikia, mbona hulijibu debe hata akiwa amegeuka? Mzee akauweka mkono wangu sakafuni, akalipiga debe. Niliusikia mshindo kwa kiganja.

Ndugu msomaji, mtoto huyu nilikuwa nikimwita mkaidi. Nilikuwa nikimwita mara tatu, naye haji, nami nikamchapa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, akisema maneno mawili tu, nami nikijiambia kwamba watoto wa kiume huchelewa. Alipenda kugonga sufuria kwa nguvu zake zote, nami nikasema ana fujo. Huenda kishindo kile ndicho kilichokuwa kikimfikia vyema miongoni mwa sauti zote za nyumba yetu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliyatazama masikio, akauliza juu ya mafua. Naam, alikuwa ameugua mafua na maumivu ya masikio mara kwa mara msimu ule wa mvua. Alitueleza kwamba nyuma ya kiwambo cha sikio mlikuwa mmejaa majimaji yasiyotoka, na kwamba hali hiyo huwapata watoto wengi wadogo. Haiumi sana na wala haionekani kwa nje, ila sauti humfikia mtoto kama aliyezama majini. Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe katika miezi mitatu. Yakikawia, kuna matibabu. Alituagiza turudi akaguliwe tena, tusimtie kitu chochote sikioni, si mafuta wala kijiti cha pamba, na tuseme naye uso kwa uso, karibu, kwa sauti iliyo wazi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yawezayo kuzuilika, yakiwemo magonjwa ya masikio yasiyotibiwa, surua na homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo yafaa ujue ya kutazama. Mtoto mchanga hushtuka kwa mshindo wa ghafla. Afikapo miezi sita hugeuka kutafuta sauti itokako. Afikapo mwaka na miezi mitatu aghalabu huwa na neno lake moja au mawili. Mambo haya yakikosekana, au ukiona mtoto hugeuka tu anapokuona, au usaha ukatoka sikioni, usingoje akue. Mchezo wa kijiko si kipimo cha daktari, na mtoto anayeugeukia si lazima awe mzima wa masikio. Waweza kukushtua tu, kama ulivyonishtua mimi. Ukiujaribu, simama nyuma yake, kivuli chako kisionekane, na usitumie kitu kizito kitakachotikisa sakafu.

Masikio ya mwanangu yalifunguka mwezi wa tatu. Hatukupiga tarumbeta. Nilikuwa nikikoroga sukari katika chai, naye alikuwa chumba cha pili na dada yake. Akaja mlangoni, akasimama, akakitazama kikombe. Nikakigonga mara mbili. Alikwenda kuutafuta mwiko wake.

Debe bado lipo. Limepondeka upande mmoja, na unga nimeuhamishia kwenye ndoo.